Pasi na Basi

Watu wa pwani wakitaka kutucheka hutuigiza tunavyosema. Watasema "bolisi", watasema "hosbitali", watasema "nataka fuka mto", kisha washikane mabega kwa kicheko. Mimi sicheki. Nimekaa Garissa mjini tangu nilipoolewa na mwenye duka, nimeuza sukari na majani ya chai kwa watu wa kila kabila, na herufi P naijua. Nikitaka kuitamka naitamka mpaka mate yanaruka. Lakini nilikuwepo siku herufi hiyo ilipomvunja ndugu yangu kabla hajazaliwa, na mtu akiniigizia ulimi wa kwetu mbele ya kaunta yangu, simuuzii kitu. Aende duka la pili.

Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, ngamia nilikuwa sijaaminiwa bado. Vita vya Wataliano vilikuwa vimekwisha na Waingereza walikuwa wamerudi kutufunga vizuri zaidi. Nchi yetu yote ilikuwa zizi: kutoka kwa karatasi, kuingia kwa karatasi. Ukame wa mwaka ule ulitufukuza kwetu Balambala, na Serikali ikampa baba ruhusa ya kuvusha mifugo ng'ambo ya mto Tana, upande wa machweo, ambako sisi Wasomali hatukuruhusiwa kukanyaga hivihivi. Karatasi ya ruhusa iliitwa pasi. Baba aliikunja akaishonea ndani ya kifuko cha ngozi alichovaa shingoni, pamoja na hirizi yake ya aya. Kwake yeye yote mawili yalikuwa maandishi ya kumkinga na wenye nguvu.

Kisha mvua ikanyesha, mto ukajaa, na mama akashikwa na uchungu tukiwa bado ng'ambo. Mama alikuwa mwepesi wa kuzaa. Mimi na kaka zangu wawili tulitoka, kama alivyopenda kusema, kabla maziwa hayajachemka. Safari hii mtoto alikataa. Bibi yangu, aliyewazalisha wanawake wote wa boma letu, alijaribu usiku kucha, na alfajiri akanawa mikono akasema, "Mimi nimefika mwisho. Mpelekeni hospitali." Hospitali ilikuwa Garissa, ukishavuka. Baba akamlaza mama juu ya ngamia wa mizigo, mimi nikabebeshwa chombo cha maji, tukaenda.

Jua lilikuwa halijawa kali tulipofika kivukoni. Kulikuwa na jukwaa la mbao lililovutwa kwa kamba nene kutoka ukingo hadi ukingo, na mbele yake askari mwenye bunduki, mgeni, mtu wa bara, aliyeletwa kwetu juzijuzi na hakupendezwa. Sijui jina lake na sitaki kulijua. Alinyoosha mkono.

"Pasi!"

Baba alifurahi. Neno hilo alilijua. Akaanza kuifungua shuka kifuani, akitafuta kifuko. "Basi, basi," akasema.

Msomaji anayejua Kiswahili tangu tumboni ameshaona. Baba hakuona. Midomo yetu haina P, ikikutana nayo huilainisha ikawa B, na sikio letu halisikii tofauti. Baba alikuwa anasema: pasi ninayo, subiri. Askari alisikia mchungaji mwenye vumbi anamwambia: imetosha, nyamaza.

"Unaniambia mimi basi?"

"Ndiyo, bwana. Basi." Baba akatikisa kichwa kwa nguvu, na mkono wake ukaingia ndani zaidi ya shuka. "Basi yangu. Basi iko hapa."

Askari akaona mkono ndani ya nguo, na sote tulijulikana kuwa watu wa visu. Akainua bunduki. "Toa mkono! Kaa chini!"

Baba akakaa. Kila alipojaribu tena kugusa kifuko, bunduki iliinuka. Kila alipofungua mdomo kueleza, neno lilikuwa lilelile, na askari alizidi kukasirika. "Sisi nataka fuka. Mama naumwa. Basi iko, bwana, basi!" Ngamia alipigishwa magoti juani na mama akabaki juu yake, kwa sababu kila tulipomgusa kumteremsha alipiga kelele. Jukwaa lilivuka likarudi, likavuka likarudi, na watu wengine walipanda wakatuangalia. Waswahili husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nimewahi kuwaambia: ninyi mnasema tu, sisi tumeona.

Adhuhuri ilipita. Karibu na alasiri mwanamke mmoja wa mjini, Msomali muuza maziwa, alishuka kutoka kwenye jukwaa, akamsikia baba, akamsikia askari, akaelewa mara moja. Akamwambia askari, "Huyu anasema pasi. Karatasi! Ameivaa shingoni." Yeye P alikuwa nayo, alijifunza kwa kuuza. Askari akaushika mwenyewe uzi wa kifuko, akaukata, akaikunjua karatasi, akaisoma. Akacheka. Nakumbuka meno yake.

"Kumbe pasi!" akasema. "Si ungesema!"

Tukavuka.

Mama alijifungua kwenye veranda ya hospitali, hawakuwahi kumwingiza ndani. Mtoto alitoka akiwa rangi ya ini. Hakulia. Mhudumu alimshika miguu kichwa chini, akampiga, akampangusa mdomo, akampulizia, na mimi nilisimama pale na chombo changu cha maji kitupu. Sauti ilikuja baadaye sana, nyembamba, na mama akasema alhamdulillahi. Sote tulidhani mambo yamekwisha.

Mtoto alikataa kuwa laini. Mtoto mchanga ukimbeba hukaa mkononi. Huyu alikuwa mkavu, mgongo umepinda nyuma, ngumi zimefungwa, miguu imepishana kama mkasi. Ziwa lilimshinda kunyonya, maziwa yakawa yanarudi puani. Wenzake walipokaa, yeye alianguka. Walipotembea, yeye alilala chali juu ya mkeka akitazama mlangoni. Siku hizi nasikia wanaita mtindio wa ubongo, na nasikia kuna sheria, kuna mahakama, kuna watu wenye vyeo wanaozungumza juu ya haki za mtoto kama huyo. Wakati wetu kila jirani alikuwa hakimu. Mmoja alisema mama aliruka majivu. Mwingine alisema majini wamebadilisha mtoto, wakachukua wetu wakatuachia wao. Shangazi mmoja alishauri, kwa upole kabisa, asubuhi moja akinywa chai ya mama, kwamba mtoto wa namna hiyo huachwa kwenye kichuguu usiku mmoja ili wenyewe waje wamchukue. Mama alimnyang'anya kikombe akamwaga chai chini.

Wakamchoma pia. Hiyo ndiyo dawa ya kwetu: ugonjwa usioeleweka huchomwa kwa chuma. Baba alikubali mara ya kwanza, kisogoni, na mara ya pili kwenye magoti. Vidonda vya magoti vikaoza, na hivyo ndivyo mama alivyorudi naye Garissa, akamkuta daktari Mzungu aliyekuwa akipita. Daktari alimkemea mama kwa ajili ya vidonda bila kumtazama usoni. Akamkunja mtoto miguu, akamkunjua, akampigia vidole sikioni, kisha mhudumu akatufasiria. Mtoto hakurogwa. Alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, alikaa mno njiani, ubongo ukaumia pale unapoamuru miguu na mikono na ulimi. Dawa hakuna. Anyooshwe viungo kila siku, alishwe akiwa amekaa, asichomwe tena. Na akili anayo, anasikia kila mnalosema.

Hilo la mwisho tulilijua. Ndugu yangu alicheka kabla ya mtu yeyote mzaha ulipotokea, na alimchukia yule shangazi kupita hata mama alivyomchukia. Neno alilopata kulitamka sawasawa lilikuwa moja. Akishiba maziwa, au akichoka kunyooshwa, au mtu akikaa mno, alikaza shingo, akakusanya midomo kwa taabu, akasema, "Basi." Kisomali na Kiswahili vyote vinalo neno hilo. Baba alipolisikia mara ya kwanza alitoka nje, akakaa kwa ngamia mpaka giza likaingia.

Lakini lile neno la daktari, kwamba alikaa mno njiani, lilimwingia baba kama mwiba. Kama mtoto aliumizwa, basi yuko aliyemuumiza. Na kwetu jeraha lina fidia: ukimvunja mtu jino, ukoo wako unalipa, ukimvunja mguu, unalipa. Baba hakutaka kitu kikubwa. Ukame ulikuwa umerudi, ngamia wetu wa mizigo alikuwa amekufa, na ndugu yangu, aliyefikia umri wa kupelekwa chuoni kusoma Kurani, hakubebeka tena mgongoni. Boma lilikuwa linajiandaa kuhama. Adeer, kaka mkubwa wa baba na mwenye sauti bomani, alikuwa ameshasema lake: mtoto aachwe mjini, uani mwa msikiti, pamoja na ombaomba, Mungu atamlisha. Baba alitaka ngamia mmoja wa kumbeba mwanawe.

Wazee wakasema mshtakiwa ni askari wa Serikali, enda kwa Serikali. Akaenda barazani kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, na sisi wote nyuma yake, mama amemkumbatia ndugu yangu magotini. Kisomali cha baba kilipitia kwa mkalimani, mtu wa kwetu mwenye koti na kalamu mfukoni, aliyejiona ameshavuka mto siku nyingi. Bwana DC alikuwa anakijua Kiswahili, cha kitabuni.

"Bwana mkubwa," mkalimani akasema, "huyu mzee nasema hivi. Askari alitaka basi. Yeye akajibu, basi. Askari akakasirika."

Bwana DC akainua macho. "Askari alitaka basi?"

"Ndiyo, bwana. Basi."

"Na mzee akasema nini?"

"Basi."

"Kwa hiyo walikubaliana."

Askari waliosimama ukutani wakaanza kutabasamu. Mkalimani akatoka jasho. "Hapana, bwana. Askari alisema basi ya karatasi. Mzee akasema basi ya karatasi. Askari akasikia basi ya basi."

Hapo baraza zima likaangua kicheko. Baba hakuelewa wanacheka nini. Alidhani hawajasikia vizuri, akasimama, akakusanya midomo, mishipa ya shingo ikamtoka, akalisema mwenyewe kwa nguvu zake zote: "B... b... basi!" Walicheka mpaka mmoja akajiegemeza kwenye bunduki yake. Nilimwona baba yangu akiwa mbele ya watu vilevile ndugu yangu alivyokuwa mbele yetu, ana neno kichwani na mdomo unamkatalia. Niliwachukia wote waliokuwa mle ndani. Bado nawachukia, na wengi wao wameshakufa.

Bwana DC alisubiri kicheko kiishe. Akasema hakuna sheria ya jambo hili, askari alikuwa kazini, na mtoto kuzaliwa hivyo ni shauri ya Mungu. Walilipenda sana neno hilo, shauri ya Mungu. Kila walichokivunja wao, mwenyewe alikuwa Mungu.

Mama akanyanyuka, mtoto mkononi. Akasema kwa Kisomali, polepole ili afasiriwe vizuri, "Mwambie Mungu hakuwa na bunduki pale kivukoni."

Mkalimani akamgeukia Bwana DC. "Huyu mama nasema asante, bwana."

Asante kila mtu Garissa anaijua. Mama alimtemea mkalimani mate kwenye kiatu, tukatolewa nje.

Tukarudi kwa wazee, maana hakukuwa na pengine pa kwenda na siku ya kuhama ilikuwa imewekwa. Walikaa nje ya boma letu, juani, wakichorachora mchangani kwa fimbo. Mmoja akasema sheria yetu ni mapatano kati ya ukoo na ukoo, na askari wa bara hana ukoo hapa wa kudaiwa. Hilo lilikuwa kweli, ingawa lilisemwa na mtu aliyetaka kwenda kula. Baba akasema: basi sidai kwa askari, nadai kwenu, nyinyi ndugu zangu, mnisaidie ngamia kwa ajili ya mtoto wenu. Adeer ndiye aliyejibu.

"Mtoto gani? Mtoto akizaliwa hulia. Huyu hakulia, uliza mkeo. Hatembei, hasemi, hatachunga, hatapigana, hataoa. Ukoo unampa ngamia mtu. Huyo si mtu."

Baba aliinamisha kichwa. Ndugu mkubwa akisema, mdogo hajibu. Ndiyo adabu yetu, na imeua watu wengi.

Sauti ilitoka nyuma ya mikeka ya nyumba, ambako wanawake hukaa na ambako hawaulizwi kitu. Ilikuwa ya mama.

"Adeer," akasema, kwa heshima ile inayokata kuliko tusi. "Mwaka juzi kijana wako aliua mtu kisimani. Diya ya damu yake ikatafutwa, kila mwanamume wa ukoo atoe mnyama. Ulikuja hapa kwangu na wazee hawahawa. Ukauliza, wanaume wangapi nyumba hii? Nikasema watatu, mume wangu na wanangu wawili. Wewe ukasema wanne. Ukamnyooshea kidole huyu aliyelala mkekani, ukasema naye ni wa kiume. Ukatoa kondoo zizini kwangu kwa jina lake."

Fimbo za mchangani zikasimama.

"Nauliza tu, maana mimi ni mwanamke na sijui sheria. Siku ya kulipa alikuwa mtu. Lini ameacha? Kama si mtu, nirudishieni kondoo wangu, na diya ya mwanao ni pungufu, na wenye maiti waambiwe leo kwamba mliwapunja. Kama ni mtu, mpeni ngamia."

Wenye maiti walikuwa wanachota maji kisima kimoja na sisi. Hakuna mzee aliyetaka waambiwe. Adeer alianza kusema kwamba mwanamke huyu hana haya, kwamba nyumba hii imekosa mwanamume, na aliendelea hivyo, akipandisha sauti, mpaka ndugu yangu, kwenye mkeka wake mlangoni, akakaza shingo, akakusanya midomo.

"Basi!"

Lilitoka kubwa kuliko siku zote. Mzee mmoja akacheka, mwingine akakohoa, na Adeer akanyamaza kwa sababu aliona ameshachekwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: walitupa ngamia, lakini walituchagulia mbaya kuliko wote, mzee, chongo, mwenye kuuma. Hakuna aliyemsaidia baba kumfunga tandiko. Adeer hakusema na mama tena mpaka alipokufa, na mama alisema hiyo ndiyo fidia aliyoifurahia zaidi.

Tulihama tukiwa wa mwisho kwenye msafara. Baba alitengeneza kitanda cha matawi na ngozi juu ya yule chongo, akamfunga ndugu yangu akiwa ameketi, kama daktari alivyosema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mtoto akaiona nchi kutoka juu. Alipiga kelele za furaha njia nzima. Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamepungua hadi magotini, wanyama walivuka kwa miguu, lakini askari alikuwepo palepale, askari mwingine, kijana, pia wa bara.

"Pasi!"

Tangu siku ile ya barazani baba hakupata kulitamka neno hilo mbele ya askari. Karatasi alikuwa ameishika mkononi tangu asubuhi, akaiinua juu bila kufungua mdomo. Askari alikuwa bado hajaiona. Akauliza tena, "Nyinyi! Pasi mnayo?"

Juu ya ngamia ndugu yangu akakaza shingo. "Basi!" akasema.

Niliona mama akimshika mguu. Niliona baba akitafuta pa kuuficha uso. Yule kijana alimtazama mtoto aliyepindana kule juu, akaitazama karatasi mkononi mwa baba, na inaelekea alikuwa ameshakaa nasi siku za kutosha kujua midomo yetu.

"Haya, basi mnayo," akasema. "Piteni."

Hakutukawiza hata kwa muda wa ngamia kunywa maji. Mama, ambaye hakulia barazani wala mbele ya wazee, alivuka mto ule akilia kwa sauti, na nilipomuuliza ni kwa nini, wakati tumeruhusiwa, alinipiga kofi, kisha akanijibu.

"Kwa sababu ilikuwa rahisi hivi."